Ndoo ya Fukusi kutoka Ziwani

Nyinyi wanawake wa mtaa wa Gitega, hapa Kigali, mnaonunua samaki wangu Jumanne na Ijumaa mmeniuliza habari za safari hii mara nyingi. Kila mara nimeanza kusimulia, akaja mteja, tukakatizwa. Mmoja wenu anajua kisa cha bibi wa Muleba, mwingine anajua gari lilivyoharibika, hakuna anayejua yote. Basi nimeomba daftari kwa mdogo wangu Fidele nikaandika mwanzo hadi mwisho. Habari za vibali na mihuri nimeziacha. Zilichukua miezi mitatu, na katika karatasi zote zile hakuna hata moja iliyonichekesha.

Kwa nini mimi

Samaki mnaokula wanatoka kwenye bwawa alilotuachia baba, kule Gahanga, chini karibu na mto. Mama alitangulia kufariki, baba akamfuata kabla mwaka haujaisha. Mimi nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule kwa sababu samaki hula asubuhi na watoto hula jioni, na mtu wa kushughulikia yote mawili nilikuwa mimi. Odeta na Fidele wamekulia kwenye bwawa lile.

Maji ya bwawa huingia kwa mfereji kutoka kona ya kinamasi. Katika kona hiyo baba alipigilia kigingi cha mti mgumu na kukichonga alama kwa kisu, ili ajue maji yamepanda kiasi gani na mfereji ufunguliwe lini. Baada ya yeye kuondoka nilikuwa nikienda kila asubuhi kusoma alama zile. Ndiyo masomo niliyoendelea nayo.

Miaka minne iliyopita gugu maji likaja na mafuriko. Mnalijua, lile lenye maua ya zambarau ambalo wageni hulipiga picha. Mwaka wa kwanza lilikuwa visiwa vidogo vitatu vinne juu ya maji. Mwaka wa pili kinamasi chote kilikuwa kijani, na kigingi cha baba sikukiona tena. Tulilivuta kwa mikono, likarudi. Tulilikata, likarudi na watoto wake.

Katika chama chetu cha ushirika mtu akasema kuna wadudu, fukusi wadogo, wanaokula gugu hilo tu na hawagusi kitu kingine. Mwaka jana tukatumiwa boksi lao kutoka Mwanza. Walifika wamekufa wote. Mama Beyata, mwenyekiti wetu, alilifungua mbele ya watu, akatazama, akasema, "Disi, wamekufa," yaani masikini, kisha boksi likawekwa juu ya takataka zilizokuwa zikiwaka.

Baada ya hapo watu wakagawanyika. Wengi walitaka kupuliza dawa ya kuua magugu, wamalize. Dawa ikimwagwa kwenye kinamasi itaingia mferejini, na ikiingia mferejini bwawa la baba limekwisha. Mama Beyata hakunificha. Alisema tutajaribu wadudu mara moja nyingine, safari hii mtu akawachukue mwenyewe, na wakifa tena, dawa.

Tulikuwa tukizungumza Kiswahili, kwa sababu yeye na mimi sote tulikulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, kabla ya kuhamia huku, na tukiwa wawili tunarudi huko kwa ulimi.

"Konso, weye Kiswahili unakijua. Utaenda."

"Na wewe unakijua, Mama Beyata."

"Mimi miguu inavimba. Halafu bwawa iko yako, haiko yangu."

Kabla ya kuondoka niliizungushia kona ile wigo wa mianzi, gugu lililomo lisichukuliwe na maji. Nje ya wigo magugu hutembea. Upepo ukivuma usiku, asubuhi unakuta kisiwa kizima kimehama, na mvua zikija kinashuka mtoni moja kwa moja. Wadudu wakiwekwa kule wanakwenda nacho. Walihitaji mahali palipotulia, penye chakula, wazaliane kwanza. Nililitunza gugu la ndani ya wigo miezi miwili, likanenepa, likachanua. Majirani wakipita walikuwa wakicheka: "Konso siku hizi analima magugu!" Nami nilicheka nao, sikueleza.

Gahanga hadi Rusumo

Nilipanda basi la asubuhi na mapema Nyabugogo. Kigali ilikuwa bado imelala kwenye ukungu, vilima vikiwa vimetoa vichwa tu, kama watu waliojifunika blanketi. Odeta alinifungia viazi vitamu na maharage kwenye jani la mgomba. Nikavila kabla hatujafika Rwamagana, halafu nikajilaumu njia nzima.

Mpakani Rusumo tulivuka daraja kwa miguu. Mto wetu unapita pale chini, ukiwa umekusanya maji yote ya nyumbani, na maporomoko yanarusha moshi wa maji hadi usoni. Nilisimama kidogo. Chini ya daraja visiwa vya gugu maji vilikuwa vinapita, kimoja baada ya kingine, vimebeba maua yao. Kikifika kwenye maporomoko kinazama, kisha kinaibuka mbele huko kikiendelea. Vilikuwa vinakwenda nilikokuwa ninakwenda mimi, Ziwa Viktoria, na hakuna aliyeviuliza chochote.

Askari mmoja akaniambia, "Dada, tembea."

Nikatembea. Lakini tangu pale nilijiona kama mtu anayefuata mto nyuma kwa miguu, kuomba huko dawa ya ugonjwa ulioupeleka mto wenyewe.

Rusumo hadi Mwanza

Upande wa pili nchi inafunguka. Kwetu jicho likitoka nje linagonga kilima na kurudi. Kule lilikwenda likapotea. Nilikaa dirishani, miti midogo ikapita, ng'ombe wakapita, vumbi jekundu likapita, hadi sikujua kama niko macho au nimelala. Nilimwona baba akitembea juu ya magugu bila viatu. Hakuzama. Alikuwa anapapasa kwa mguu kama mtu anayetafuta ngazi gizani, na mimi nilikuwa ninajua anachotafuta lakini sauti haikutoka. Nilipozinduka basi lilikuwa limesimama na mwanamke ananisogezea mahindi ya kuchoma mbele ya pua.

Watu walinicheka kwa Kiswahili changu, wala si kwa ubaya. Kijana wa kiti cha nyuma aliniuliza kama natoka Kongo. Nikasema Kigali. Akasema, "Kigali! Ni kweli huko mtu akitupa ganda la ndizi anafungwa?"

Nikasema, "Hafungwi. Anatazamwa."

Akafikiri. "Hiyo mbaya zaidi."

Jioni tulipita daraja refu la Busisi. Ziwa lilikuwa pande zote mbili, na jua lilikuwa juu yake kama mafuta. Tangu ziwa la utotoni kule Bujumbura sikuwa nimeona maji mengi namna ile, ambamo hakuna mtu aliyepanda kitu.

Kwa Masanja

Kituo wanachofuga fukusi kiko kando ya ziwa, nje kidogo ya mji. Mwenyeji wangu aliitwa Masanja. Mtu mwembamba, mpole, anayesema taratibu hata unafikiri amemaliza, kumbe yuko katikati. Mke wake, Mama Neema, alinipa chumba na siku ya kwanza alinipikia sato na ugali wa muhogo. Ugali ulikuwa laini, unanata, mzito kwa mkono. Nilikula kimya. Aliponiuliza kama umenishinda nikamwambia, hapana, nimenyamaza kwa sababu ni kama wa mama yangu.

Masanja anafuga fukusi kwenye mapipa yaliyokatwa nusu na mabafu ya zamani, yamejaa maji na gugu. Aliniinamisha juu ya bafu moja.

"Tazama jani," akasema.

Jani lilikuwa na vidoa vyeupe, vidogo kama punje za mchele zilizokatwa, mamia. "Hayo ni meno yao. Huyu mkubwa anakula juu. Mtoto wake, funza, anatoboa shina kwenda chini hadi moyoni. Gugu linaingia maji, linakuwa zito..." Akanyamaza. Nikadhani amemaliza. "...linazama."

"Linazama lenyewe?"

"Lenyewe. Kama mtu aliyechoka."

Fukusi mwenyewe ni mdogo kuliko punje mbili za mtama, rangi ya udongo mkavu, na pua ndefu iliyopinda. Kweli anachekesha. Ukimtazama huamini kwamba ndiye aliyetumwa kupigana na kinamasi kizima.

"Wale wa mwaka jana," Masanja akauliza, "wameongezeka?"

"Walifika wamekufa."

"Wote?"

"Wote. Walikuwa wamejikunja, miguu imekazwa tumboni."

Akaligusa jani kwa kidole. Fukusi mmoja akadondoka kwenye kiganja chake, chali, miguu imekazwa tumboni.

"Kama huyu?"

"Kama huyo."

"Kaa."

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Masanja akamweka fukusi juu ya jani, akatoa chungwa mfukoni, akalimenya, akanipa nusu. Tulikula lote. Akafuta mikono kwenye suruali. Ndipo mguu mmoja wa fukusi ukanyooka, mwembamba kama uzi, ukapapasa hewa. Ukafuata wa pili. Akajipindua, akaanza kwenda zake.

"Akiogopa anajifanya amekufa," Masanja akasema. "Akitikiswa, akipigwa na mwanga, hivyo hivyo. Ninyi mliwafanyaje?"

Ziwa lilikuwa linapiga mawe pole pole.

"Tuliwachoma."

Masanja hakucheka. Aliokota maganda ya chungwa moja moja. Mwisho akasema, "Pole."

Nikasema, "Pole na wewe."

Usiku ule nilitaka kumpigia simu Mama Beyata. Nilishika simu, nikairudisha. Alikuwa amelitazama boksi lile mbele ya watu kwa moyo safi, akaamua. Jambo kama hilo sikuweza kumwambia mtu aliye mbali, ambaye sioni uso wake.

Nilikaa siku tatu nikijifunza. Siku ya kuondoka Masanja alianza kufungasha fukusi mia tatu pamoja na majani mabichi kwenye mifuko mizito ya nailoni, ili wasikauke. Nikamzuia. Nikamwambia kwetu mifuko ya nailoni imekatazwa, na mpakani hunyang'anywa hata mtu aliyefungia viatu vyake.

"Hata ya wadudu?"

"Hata ya wadudu."

Akatikisa kichwa, akatafuta ndoo nyeupe yenye mshikio. Mama Neema akatoa kanga yake kuukuu, tukaifunga mdomoni kwa mpira wa baiskeli, ili wapumue na niweze kuilowesha.

"Ninyi watu wa Kigali," Masanja akasema, "mtakuja kuosha hata maji."

Tulicheka sana, sisi watatu. Nimekumbuka kicheko kile mara nyingi.

Mwanza hadi Nyakanazi

Ndoo niliipakata. Kondakta alitaka iende chini kwenye mizigo, nikasema kule kuna joto, watakufa. Akauliza nani watakufa. Nikasema majani. Basi likaondoka.

Kiti cha pembeni alikaa bibi mmoja wa Muleba, mnene, mwenye shuka la maua na mkoba uliojaa ndizi. Alikuwa anakwenda Ngara kwa binti yake aliyejifungua. Jina lake Ma Koku. Hadi Geita alikuwa ameshanieleza wajukuu wote kwa majina. Kisha akaitazama ndoo, akainusa.

"Mwanangu, hao ni senene?"

Senene ni panzi wanaokaangwa. Kwao Bukoba ni chakula cha heshima. Nikamwambia hapana, ni wadudu wengine.

"Wa kula?"

"Hapana, bibi. Wenyewe ndio wanaokula, gugu maji, huko kwetu Rwanda ninakowapeleka."

"Hebu."

Kabla sijasema neno mkono wake ulikuwa umeingia chini ya kanga. Akatoa mmoja, akamweka kiganjani, akamsogeza karibu na macho. "Huyu atashibisha nani? Tena umeniuzia mfu." Akamrudisha, lakini mpira wa baiskeli ukaruka, kanga ikafunguka upande, na basi likaingia shimoni.

Sitaeleza kelele zote. Msichana wa mbele alipanda juu ya kiti. Mtu alisema ni kunguni, mwingine akasema ni uchawi. Kondakta akaja mbio: "Dada, shusha hiyo ndoo! Shusha sasa hivi!" Nikaikumbatia. Nilimwambia aniteremshe mimi pamoja nayo, kwa sababu mimi na ndoo ni kitu kimoja.

Ma Koku akasimama. Alipata shida kusimama, kwa hiyo wote wakamngoja.

"Nyamazeni nyote. Mnakula samaki au hamli? Hawa ni dawa ya ziwa. Mtoto wa watu ametoka Rwanda kuwafuata. Kila mtu atazame chini ya miguu yake, arudishe alichookota. Na wewe kijana, ukikanyaga hata mmoja nitajua."

Kwa kweli wakatazama. Basi zima likainama. Mmoja alitoka kwenye kilemba cha mwanamke, wawili kwenye kiatu cha dereva, na mzee mmoja akaniletea wanne kwenye kofia yake, ameikunja kama anabeba mayai. Kila mmoja aliyerudisha aliuliza, "Huyu amekufa?" nami nikajibu, "Anaogopa tu."

Nyakanazi gari likafa. Lenyewe halikuwa linajifanya. Tulishushwa mchana, fundi akalala chini yake hadi jua likazama, halafu tukaambiwa kesho. Ma Koku alinunua muhogo wa kuchoma wenye chumvi na pilipili, tukala tumekaa kwenye gogo. Nililowesha kanga kisimani, nikaiweka ndoo kivulini. Jioni nilimpigia simu Mama Beyata. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Nilimwambia nimechelewa, lakini Jumamosi nitafika, na wageni wetu ni wazima. Akashangilia. Niliisikia sauti yake ikimwambia mtu, "Jumamosi! Wageni wanakuja Jumamosi!" Kisha ikakatika.

Nililala gesti nimeiweka ndoo kichwani mwa kitanda. Ndani kulikuwa na sauti ndogo, ndogo mno, kama mtu anayefikicha karatasi chumba cha tatu. Walikuwa wanakula.

Kayonza, Jumamosi asubuhi

Ijumaa jioni nilivuka mpaka, nikalala Rusumo. Jumamosi alfajiri nikapata basi la Kigali. Tulipofika Kayonza likasimama, na mimi nikajipiga paji la uso. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Umuganda. Hadi saa tano hakuna gari linalosonga, na kila mtu yuko nje na jembe akifanya kazi ya mtaa.

Tukashuka, tukapewa mtaro wa kuzibua. Nilitoa majani kwa mkono mmoja, mwingine umeshika ndoo. Kiongozi wa pale akaniambia, "Dada, iweke chini, hakuna mwizi hapa." Nikamwambia siogopi mwizi, naogopa jua. Akaniletea mwavuli wake, akausimika juu ya ndoo, akaendelea na kazi. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka mashambani, watu wanaimba, majembe yanang'aa na kuzima. Kwa muda nilisahau nina haraka.

Nikampigia Odeta.

"Dada! Uko wapi?" Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi. "Leo watu wameshuka hata wa nyumba mpya za juu, na mabuti yao marefu. Mama Beyata amewaita kwa ajili yako."

"Wanafanya nini?"

"Sijui, mimi niko huku barabarani na vijana. Wao wako chini, kwenye maji. Wanasema utafurahi."

Nikampigia Mama Beyata. Simu iliita, iliita. Simu zao zilikuwa kwenye mifuko ya makoti, na makoti yalikuwa kwenye matawi.

Saa tano na dakika chache tukaondoka. Kigali nilishuka njia ya Kabeza, nikasimamisha pikipiki.

"Hiyo ni maziwa?" dereva akauliza.

"Ni wadudu."

Akanitazama, akanipa kofia. "Vaa vizuri, basi."

Gahanga

Nilisikia vicheko kabla sijawaona. Walikuwa wamesimama ukingoni, watu kama hamsini, tope hadi magotini, wamechoka uchovu ule mzuri wa watu waliomaliza kazi. Mama Beyata alinikimbilia na miguu yake iliyovimba.

"Karibu, Konso! Tazama!"

Nikatazama.

Kona ilikuwa safi. Hakukuwa na gugu hata moja. Wigo wangu wa mianzi ulikuwa umeng'olewa na kufungwa mafungu, umepangwa. Maji yalikuwa wazi, yametulia, mbingu imo ndani yake yote. Na katikati, cheusi, kimeinama kidogo, kilikuwa kimesimama kigingi cha baba.

Sijui nilisimama pale muda gani. Alama za kisu zilionekana. Nilizisoma. Maji yalikuwa kwenye alama ya nne. Miaka yote ile nilikuwa naota kitu hicho hicho, na sasa kilikuwa mbele yangu mchana, na watu wote wakinitazama wanione ninavyofurahi.

"Wageni wanakuja," Mama Beyata akasema, "tungewapokea kwenye uchafu?"

Machozi yalikuwa yananitoka na walifikiri ni ya furaha. Nusu ilikuwa kweli.

"Mama Beyata," nikasema, "huo uchafu ndio chakula chao."

Nikawaeleza, pole pole. Kwamba nje kule magugu yanatembea. Kwamba wanahitaji mahali palipotulia. Kwamba gugu lote walilolitoa, lile lundo refu pale ukingoni linaloanza kulegea juani, inabidi lirudi majini leo, na wigo urudi, ama safari imekuwa bure.

Mwanamume mmoja wa nyumba za juu, buti zake zimejaa tope, akasema kwa upole, "Tumelitoa tangu saa mbili, dada. Sasa tulirudishe?" Mwingine akacheka, akaacha. Hakuna mtu Kigali aliyewahi kuamka asubuhi kwenda kurudisha taka mahali ilipotoka.

"Kwanza tuwaone hao wadudu," mtu akasema.

Nikafungua kanga. Safari, pikipiki, mwanga wa mchana. Wote walikuwa wamejikunja ndani ya ndoo, chini na juu ya majani, chali, miguu imekazwa. Mia tatu.

Nikasikia "yooo" ikipita kwa watu kama upepo. Mama Beyata akainama, akatazama. Uso wake ukaanguka. Akaniwekea mkono begani. "Disi, mwanangu. Wamekufa tena. Wewe umejitahidi. Hakuna atakayekulaumu. Jumatatu tutaita watu wa dawa."

"Ngojeni," nikasema.

"Konso..."

"Ngojeni kidogo tu. Kaeni."

Nilipiga magoti, nikaitilia ndoo kivuli kwa mwili wangu. Wengine walikaa kwenye nyasi, wengine wakaanza kukusanya majembe. Sikuwa na chungwa. Niliyatazama maji na kigingi, kwa sababu nilijua ni kwa muda mfupi. Kuku akapita. Ndege mweupe alitua kwenye maji safi, akajitazama, akaruka.

Kisha Mama Beyata, aliyekuwa bado ameinama karibu yangu, akashika pumzi.

Mguu mmoja ulikuwa umenyooka. Ukapapasa. Mahali pengine mwingine. Ikawa kama mvua inapoanza, tone hapa, tone pale, halafu kila mahali. Ndoo nzima ilikuwa inatembea.

Watu wakaja wakazunguka, wakasukumana, wakacheka. Mama Beyata hakucheka. Alikuwa anatazama ndoo lakini najua hakuwa anaiona. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, mimi tu nisikie:

"Na wale wa kwanza?"

Nilikuwa nimeulizwa swali nililolibeba kutoka ziwani. Ningeweza kusema sijui.

"Walikuwa hivi hivi, mama."

Akatikisa kichwa mara moja. Akasimama. Akakikaza kitenge chake kiunoni, akaenda kwenye lundo, akachagua gugu kubwa lenye ua, mizizi yake inaning'inia kama ndevu, akaliweka kichwani. Maji meusi yalimtiririka usoni na hakuyafuta. Akaingia kwenye maji yale safi, na miguu yake ile, hadi kiunoni, akaliweka karibu na kigingi kwa mikono miwili, kama mtu anayemlaza mtoto.

Akageuka. "Mnatazama nini? Wageni wana njaa!"

Yule mwanamume wa mabuti ndiye aliyemfuata. Kisha wote. Walipanga mstari, gugu likapita kichwa kwa kichwa, na mtu akaanzisha wimbo waliouimba asubuhi wakilitoa, kwa mzaha, kinyumenyume, mstari wa kwanza mwisho. Odeta alikuja mbio kutoka barabarani, akauliza wamerukwa na akili. Nikampa fungu la mianzi.

Mimi niliingia wa mwisho na ndoo. Kigingi kilikuwa kimebaki ncha tu kati ya majani. Nilikigusa kwa kiganja, kinateleza, kina baridi. Halafu niliiinamisha ndoo, na fukusi wakashuka, wengi wao wakijifanya wamekufa, wakatawanyika kwenye kijani.

Tangu siku hiyo

Mvua zimekuja na kupita. Dawa haijapulizwa. Chama kimesema kitangoja, na Mama Beyata anapita kwangu karibu kila jioni, anasema anapunga hewa, lakini njia ya kwake haipiti hapa. Anainama juu ya wigo, anageuza majani. Juzi aliniita kwa sauti kubwa nikadhani nyoka amemwuma. Alikuwa ameshika jani lenye vidoa vyeupe chini hadi juu, hakuna mahali pa kuweka kidole. Akachukua shina, akalipasua kwa ukucha, na ndani kulikuwa na funza mmoja mweupe, mnene, anakwenda chini.

"Huyu amezaliwa hapa," akasema. "Huyu ni wa Gahanga."

Kinamasi bado ni kijani hadi ng'ambo, nisiwadanganye. Lakini ndani ya wigo, upande wa mfereji, magugu yameanza kuwa rangi ya kahawia na kukaa chini majini. Samaki wazima, mmewaona wenyewe.

Asubuhi bado ninakwenda kusimama pale, ukungu ukiwa haujapanda. Kigingi sikioni. Ninajua kiko wapi, na ninajua maji yalikuwa kwenye alama ya nne.